Kitambaa cha Mkojo, Kilo 50

Mjerumani hajui kufunika jambo. Sisi mtu akienda chooni tunasema ametoka kidogo. Akifa, ametangulia. Mkojo wenyewe mbele ya wakwe unaitwa haja ndogo, na hata hiyo husemwa kwa sauti ya chini huku msemaji akitazama pembeni. Mjerumani yeye anakitwaa kitu, anakigeuza mbele na nyuma, anakitaja kilivyo, halafu jina hilo analibandika kwenye mfuko na kuupeleka dukani watu wanunue.

Sikuwa na haja ya kuyajua haya. Nina ekari zangu za mahindi hapa Kwaluguru, nina muhogo, nina mbuzi wasio na adabu; Kijerumani kingenipita salama mpaka kaburini. Lakini mpwa wangu, mtoto wa dada, alimaliza uuguzi akakaa kusubiri ajira mpaka bahasha ya vyeti ikabadilika rangi. Akasikia Ujerumani wanatafuta wauguzi, mradi mtu awe amefika ngazi ya B2 ya lugha yao. Tangu hapo nyumba yangu ni darasa. Alfajiri, kabla jogoo hajaamua kama atawika, simu yake inatoa sauti za mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, na yeye anaitikia vivyo hivyo. Nikipita anasimamisha somo, "Shikamoo mjomba," namjibu marahaba, anarudi kwenye mwiba wake.

Kinachomtesa zaidi, anasema, ni tabia yao ya kushika maneno mawili au matatu na kuyabana pamoja bila kuacha hata upenyo wa kupitisha hewa. Nikamwambia hilo si la kumtisha mtoto wa Kizigua. Zunguka Handeni yote: Kwaluguru, Kwamatuku, Kwamgwe, Kwachaga. Vuka uingie Korogwe: Kwagunda, Kwashemshi, Kwamndolwa. Sisi tumebana maneno kabla treni ya Mjerumani haijafika Korogwe, na ilifika 1902. Tofauti ni kwamba sisi tunabana kwa heshima. Ukisikia "Kwa" unajua hapo palikuwa na mtu na mji wake. Mjerumani anabana chochote kilicho karibu.

Balaa lilianza nilipoleta mfuko wa mbolea ya kukuzia. Urea, kilo 50, ya ruzuku, shilingi 70,000 zilizonitoka kwa maumivu ya jino, baada ya kusajiliwa, kusubiri namba kwenye simu, kutafuta mtandao juu ya kichuguu, na kuambiwa dukani kwamba mfumo umelala. Nimeuegemeza ukutani, najipangusa jasho, mpwa anausogelea na simu yake.

"Mjomba, urea kwa Kijerumani ni *Harnstoff*."

"Hewala."

"*Harn* ni mkojo."

Nikanyamaza. Mtu akishika simu ya kamusi huwezi kumzuia.

"Na *Stoff*..." akapekua kidogo, "ni kitambaa. Mjomba, umenunua kitambaa cha mkojo."

Mama watoto alikuwa uani anapepeta. Hakuinua hata kichwa. "Hicho kinaitwa winda," akasema. "Tena la shilingi 70,000. Mimi nililea watoto wote kwa khanga mbovu."

Ningekuwa na bahati, yangeishia hapo. Lakini mfuko ulikuwa umeandikwa kwamba 46 kwa mia ya kilichomo ni naitrojeni, na mpwa akataka kujua naitrojeni nayo wanaiitaje. *Stickstoff*. Simu ikamwambia *sticken* ni kudarizi. Kwa hiyo nililoleta ni winda, na karibu nusu yake limedariziwa. Mama watoto akauliza kama kuna rangi ya bluu, maana vitambaa vya makochi vimechakaa.

Jioni mpwa akaingia kwenye somo, mwalimu wake wa mtandaoni akamsahihisha. *Stoff* ni kitambaa kweli, na kwa asili lilitoka Kifaransa cha kale likiwa na maana ya nguo na vifaa, ila baadaye likapanuka likawa kitu chochote kinachoshikika, maada kwa lugha ya shuleni. Na ile *Stick* si ya sindano na uzi. Inatokana na kukabwa pumzi. Zamani, karne ya 18, wataalamu walitia mshumaa ndani ya hewa ya naitrojeni ukazima, wakatia panya akafa, wakaona jina limepatikana: kitu kinachokaba roho. Wafaransa nao wakaiita kwa jina la Kigiriki lenye maana ya kisicho na uhai. Kwa hiyo mfuko wangu sasa ukawa kitu cha mkojo, na karibu nusu yake ni kitu cha kukaba roho.

"Afadhali lilipokuwa winda," akasema mama watoto.

Mimi nikawa nimeshikwa na hasira ya kutaka kujua. Nikamwambia mpwa anitajie kila kilichomo, tumalize. Kumbe urea imejengwa kwa vitu vinne tu, na vyote vinne Mjerumani amevitia *Stoff* mkiani. Haidrojeni ni *Wasserstoff*, kitu cha maji. Kaboni ni *Kohlenstoff*, kitu cha makaa. Naitrojeni tumeshaiona. Oksijeni ni *Sauerstoff*, kitu kichachu. Ukifuata ile tafsiri ya kwanza ya simu, mfuko mmoja wa mbolea ni duka zima la nguo.

Hiyo ya kichachu ina kisa chake, na ndiyo iliyoniudhi kuliko zote. Mfaransa Lavoisier, miaka ya 1770, aliamini kwamba kila asidi duniani inapata uchachu wake kutoka kwenye hewa hii tunayovuta. Akaiita kwa Kigiriki mzaa-uchachu, ndiyo oksijeni. Wajerumani, kwa kuwa hawapendi Kigiriki kifiche mambo, wakalitafsiri jina. Halafu mwaka 1810 Mwingereza Humphry Davy akaonyesha kwamba kuna asidi kali, ile ya chumvi, isiyo na oksijeni hata chembe. Lavoisier kakosea. Je, jina likabadilishwa? Wapi! Zaidi ya miaka 200 Wajerumani wanavuta kitu kichachu ambacho si kichachu, wanajua si kichachu, na wanawafundisha watoto wao waandike hivyo kwenye mtihani. Hapa kwetu mtoto akipewa jina likamkataa, akalia usiku na mchana, wazee wanakaa, jina linabadilishwa, maisha yanaendelea.

Sisi tumechukua oksijeni, haidrojeni na naitrojeni kama zilivyo, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, walipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 maneno hayo yakapata kibali cha maandishi. Walimu wengine hulalamika kwamba mtoto hawezi kuona maana ndani yake. Mimi naona hiyo ndiyo faida. Neno lisilosema kitu haliwezi kukosea, na muhimu zaidi haliwezi kufika kwa jirani.

Maana la mkojo lilifika. Habari za hapa hazipandi bodaboda, zinatembea zenyewe. Kesho yake mtu ananiuliza njiani kama ni kweli mahindi yangu nayamwagilia mikojo ya Wazungu. Mwingine akataka kujua wanaikaushaje. Mama watoto, mwanamke niliyemwoa kwa mahari kamili, akatangaza kwamba mahindi mabichi ya shamba lile hatayachemsha kwenye sufuria yake, kwa sababu mkojo ni najisi na sufuria ni ya kupikia futari. Barazani kwenye kahawa mzee mmoja ninayemheshimu akanivuta pembeni. "Mwanangu, hili jambo umeliuliza kwa wenye elimu?"

Ikabidi niulize. Nikamkalisha mpwa na simu yake, nikasema leo haulali mpaka tumepata ushahidi wa kuwatoa watu kwenye mkojo.

Tulichokipata mwanzoni hakikunisaidia. Mfaransa Rouelle, mwaka 1773, aliitoa urea kwenye mkojo kwelikweli. Kabla yake, 1669, Mjerumani wa Hamburg aitwaye Hennig Brand alichemsha mkojo mwingi ajabu, akaukausha, akauchoma, kwa sababu aliona una rangi ya dhahabu na akaamini dhahabu imo. Akapata fosforasi inayong'aa gizani. Nikawaza vijana wetu wanaokwenda kuhangaika na mawe kule Magambazi kutafuta dhahabu. Nikamshukuru Mungu hawajasikia habari za huyu bwana, maana vyoo vya Handeni visingepona. Hata neno urea lenyewe, la aina ileile niliyoitetea, asili yake ni Kigiriki na maana yake ni mkojo uleule. Dunia nzima imeandika mkojo kwenye mfuko. Wengine wameandika kwa lugha ya wageni.

Lakini mbele kidogo tukampata mtu wetu. Friedrich Wöhler, mwalimu wa Berlin, mwaka 1828. Huyu alichanganya kemikali zake za chupani akitafuta kitu kingine, akashtuka kuona fuwele za urea zinamkodolea macho. Wakati ule wataalamu waliamini kwamba kitu kinachotoka mwilini kinahitaji mwili kukitengeneza. Wöhler akakimbilia kalamu, akamwandikia mkubwa wake Berzelius kule Sweden akijigamba kwamba anaweza kutengeneza urea bila kuhitaji figo, iwe ya mtu au ya mbwa.

Nikalala usingizi wa mshindi. Asubuhi nikaenda barazani nikiwa nimechomekea shati, nikasimulia yote, Berlin, chupa, barua, bila figo ya mtu wala ya mbwa. Sijui niliwaza nini kuhusu watu wa kwetu. Katika hotuba nzima walisikia neno moja tu. Kufika saa saba mchana Kwaluguru yote ilikuwa inajua kwamba mbolea ile ina mbwa.

Nikabadilisha mbinu. Nikawaeleza ya viwandani. Mkojo haupo, figo hazipo, mbwa hayupo. Mwaka 1909 Fritz Haber akiwa Karlsruhe alifaulu kuibana naitrojeni ya hewani pamoja na haidrojeni ikawa amonia. Carl Bosch akaifanya kiwanda, kikaanza Oppau mwaka 1913. Na kuanzia 1922 hapohapo amonia ikaanza kuchanganywa na kaboni dayoksaidi ikawa urea kwa wingi. Siku hizi haidrojeni yenyewe wanaitoa zaidi kwenye gesi asilia. Kwa ufupi, nikasema kwa kujiamini, mbolea hii imetengenezwa kwa hewa.

"Aa," akasema kijana mmoja, "kumbe ni mbolea hewa."

Katika nchi iliyokwisha kuhesabu wafanyakazi hewa, utaanzia wapi kumsahihisha mtu kama huyo? Nikalipa kahawa yangu nikaondoka. Baadaye mzee akanifuata akasema yeye ameridhika, hewa ni twahara. Huyo peke yake ndiye aliyenisikiliza.

Njiani kurudi nilikuwa nimewakasirikia Wajerumani wote kwa jumla. Hawa watu walikaa hapa. Walikuwa na boma lao Handeni, wakatimuliwa Juni 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilipoingia. Miaka ileile kwao amonia ya Oppau ilikuwa inageuzwa baruti, maana kinachonenepesha mahindi ndicho kinachojaza mabomu. Katika kukaa kwao kote walituachia maneno yanayohesabika kwa vidole, yaliyo maarufu yakiwa shule na hela. Shule niliitoroka, hela ikanitoroka. *Harnstoff* wakaondoka nalo, likasubiri miaka zaidi ya 100, likarudi kwangu kupitia simu ya mpwa.

Hata wao wenyewe walirudi. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilijengwa na kampuni ya Klöckner ya Ujerumani Magharibi kikaanza kazi 1972. Wakubwa zangu wanakikumbuka kwa mifuko yake kuliko kwa mbolea, kwa kuwa mifuko ilidumu. Malighafi karibu yote ililetwa kwa meli kutoka nje ije ichanganywe hapa, jambo ambalo hata mimi wa darasa la saba naona lina kasoro, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikafungwa. Enzi hizo mbolea yoyote ya dukani iliitwa ya chumvichumvi. Hilo ndilo jina! Mtu anaitazama mbolea, anaona inafanana na chumvi ila si chumvi yenyewe, anairudia mara mbili kuonyesha mashaka yake. Halisemi ilikotoka na halimtii mtu aibu barazani. Ila neno chumvi mbuzi nao hulisikia. Nimewafungia mbali, kwa sababu mbuzi akiilamba urea ya kutosha, tumbo linaigeuza amonia na humpati jioni.

Mpwa, baada ya kuona yote haya, badala ya kutulia akapata wazo. Mjomba, kama urea imo kwenye mkojo, na mbolea ni ghali, kwa nini tusikusanye wetu? Akaniletea hesabu kwenye karatasi. Mtu mzima hutoa kama gramu 25 za urea kwa siku. Mfuko wa kilo 50 una gramu 50,000. Gawanya: siku 2,000. Mtu mmoja akijitahidi bila kukosa, miaka mitano na nusu, amejaza mfuko. Ukigawa na bei, kila siku namwaga shilingi 35 nyuma ya nyumba. Nyumba ya watu wanane, siku 250.

Niliitazama karatasi ile kwa muda. Shilingi 35! Umri wangu wote huu sijawahi kuthaminiwa kwa usahihi kiasi kile.

Halafu akaongeza, kwa sauti ya kitaalamu ya wauguzi, kwamba kiasi hicho ni cha mtu anayekula vizuri. Urea inatokana na protini. Anayekula nyama, mayai na maziwa anatoa nyingi. Anayekula bada na mlenda, kidogo. Kwa hiyo hata katika hili Mjerumani na soseji zake ananizidi. Mkojo wangu ni wa daraja la chini. Nikamuuliza kama na hilo wana neno lake, akasema atatafuta.

Mradi wenyewe ulikufa kwa sababu nyingine. Mkojo hauwekwi kwenye mmea ukiwa mkali, utauunguza. Wanaoujua wanashauri kuuchanganya na maji, wengine hata mara kumi yake. Maji! Handeni! Hapa mama anasimama foleni na dumu kabla ya adhana, na lambo likikauka bei ya maji inapanda kuliko ya soda. Yaani nichukue kitu kinachopatikana bure nyumba nzima, nikakizimue kwa kitu kisichopatikana kabisa. Nilimwambia akitaka kuendelea aanze kwa kutafuta mvua.

Basi tukaenda shambani na mfuko wetu wa hewa. Bwana shamba alishatuonya: urea usiitupe juu ya ardhi ukaondoka. Ikipata unyevu na jua, vijidudu vya udongoni vinaivunja inarudi amonia, inapaa, na shilingi zako zinapaa nayo. Toboa kashimo pembeni ya shina, weka, fukia. Mimi nafukia. Vijana niliowaajiri, wakiona nimegeuka, wanarusha tu kama wanalisha kuku. Siku ya pili mama watoto akapita kwenye mstari wao, akasimama. Akavuta pumzi. Harufu ya choo cha stendi, saa nane mchana.

"Haya," akasema, "niambie tena habari za Berlin."

Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nimeweka akiba. Ana kikopo cha mafuta ya kupaka magaga, alikileta shangazi yake kutoka mjini, anajipaka miguuni kila usiku na hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Nikakitoa nikamwomba mpwa asome nyuma, maandishi yale madogo. Urea, 10 kwa mia. Ndiyo inayolainisha ngozi. Nikampa na nyongeza, kwamba hata malori mapya ya Ulaya yanabeba tangi la maji yenye urea, 32.5 kwa mia, ya kusafishia moshi wa dizeli. Dunia nzima inajipaka na kunywesha magari yake, mimi tu ndiye nimekatazwa kuchemsha mahindi.

Akakichukua kikopo mkononi mwangu. Akakitazama, akaitazama miguu yake. "Hii ni ya dukani," akasema, akaenda nacho ndani. Mahindi mabichi yalipofika wakati wake tuliyachemsha, sufuria ileile, na hakuna aliyetoa tamko lolote.

Mpwa sasa amehamia kwenye Kijerumani cha wodini, kile atakachoulizwa na wagonjwa. Juzi nikamsikia anarudia neno moja fupi, *Ente*, *Ente*, nikafurahi kwamba hatimaye wamemwonea huruma wakampa fupi. Nikamuuliza maana yake.

"Bata, mjomba."

"Wodini kuna bata?"

Akaeleza kwa unyonge. Mgonjwa wa kiume asiyeweza kushuka kitandani akibanwa, anamwomba muuguzi amletee bata. Ni ile chupa yenye shingo ndefu. Shingo ndiyo iliyoipa jina. Na lile beseni la haja kubwa wanaliita *Bettpfanne*, yaani kikaango cha kitandani.

Nikaomba kiti. Mfuko wangu wa mbolea, uliotengenezwa kwa hewa na gesi, ambao tangu uzaliwe haujawahi kukutana na mkojo, umeandikwa mkojo. Chupa iliyojaa mkojo wenyewe, wa moto, wa mtu anayejulikana kwa jina na kitanda, inaitwa bata. Nami nimekwenda mpaka barazani, nimechomekea shati, kuwatetea watu hawa!

Vijana wa kijiweni wamesikia kwamba mtihani umekaribia. Kila mpwa akipita wanampiga mabegani. "Kaka, wewe sasa unakwenda Ulaya kula bata." Mpwa haitikii.